Hisabu ya Tofali Katika Nchi ya Miyombo

Katika vijiji vya wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vilivyoizunguka milima ya Ntakata upande wa machweo wa nyika ya Ugalla, pana biashara ambayo wahenga wa huko wangaliidhania mzaha, kwani watu hulipwa kwa miti wasiyoikata. Vijiji kama Mpembe, Katuma na Lugonesi vilipanga matumizi ya ardhi yao, vikatenga msitu wa akiba na kuweka walinzi wao wenyewe. Kisha kampuni ya Carbon Tanzania ikalinganisha msitu uliosalia na ule ambao ungalipotea lau ufyekaji ungaliendelea kama zamani, na tofauti hiyo, ikiisha kugeuzwa tani za hewa ya ukaa, ikauzwa kwa wanunuzi wa ng'ambo. Sehemu ya fedha hurudi kijijini, ambako mkutano mkuu ndio unaoamua matumizi, na aghalabu huamua madarasa, zahanati na ofisi.

Hapo ndipo penye swali langu: darasa hilo lililozaliwa na mti uliohurumiwa, kuta zake ni za nini?

Ada ya nyanda hizi ni tofali la kuchoma. Fundi hukanyaga udongo, hufyatua kwa kalibu ya mbao, huanika, kisha hupanga tanuru lenye matundu chini, hulikandika tope ubavuni, na kulilisha magogo mchana na usiku. Na kwa kuwa tanuru hilo halina ukuta wa kudumu wala dohani, sehemu kubwa ya moto huishia kuwapasha joto popo na nyota. Tukadirie, bila kujidai wataalamu wa maabara, kwamba kilo moja ya tofali hudai megajuli 3, na kilo ya kuni kavu hutoa 15. Matofali 10,000 ya kilo mbili na nusu yatakula tani 5 za kuni, nazo zitapeleka angani takriban tani 9 za hewa ya ukaa.

Ama tofali la kufungamana, ambalo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, uliorithi mwaka 2001 kazi ya kitengo cha utafiti kilichoundwa 1971, umelihubiri kwa miaka mingi, halionji moto kabisa. Udongo uliochekechwa huchanganywa na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha tofali hufunikwa na kunyweshwa maji siku saba au zaidi. Na kwa sababu lina ulimi na mfuo, hupangwa bila udongo wa kujengea isipokuwa kozi ya chini na ya juu. Ukuta uleule wa yale matofali 10,000 utahitaji mifuko 35 hivi ya saruji. Saruji nayo haina usafi wa malaika: hewa yake hutoka kwenye makaa ya kiwanda na, zaidi, kwenye jiwe la chokaa lenyewe linapovunjika kwa moto, lakini mifuko hiyo hubeba kama tani moja na nusu ya hewa ya ukaa, bila kuhesabu safari yake ndefu hadi Mpanda, makao makuu ya mkoa.

Insafu yadai nikiri kwamba mti wa miyombo hukatwa ukachipua tena, na kisiki kikiachwa kwa miongo kadhaa deni la tanuru hulipika. Lakini serikali, ambayo mwaka 2021 iliahidi kupunguza gesi joto kwa asilimia 30 hadi 35 ikilinganishwa na mwendo wa kawaida, muda wake ni 2030; kisiki hakijui kalenda hiyo. Zaidi ya hayo, magogo ya tanuru hutoka nje ya mpaka wa msitu uliotengwa, kwa hiyo kijiji chaweza kuuza tani kwa mkono wa kulia na kuzichoma kwa mkono wa kushoto, na daftari lisionyeshe kitu.

Kizuizi cha kweli cha tofali la kufungamana ni udongo. Wenye mfinyanzi mwingi hupasuka, wenye mchanga mtupu humomonyoka, na mafundi wengi waliolilaani tofali hili walitumia udongo wa kwanza waliouona. Dawa yake ni chupa ya kioo iliyojazwa udongo na maji, ikatikiswa, ikaachwa juu ya dirisha: mchanga hutuama mbele ya macho yako, mfinyanzi huchelewa hata kesho yake.