Macho na Pazia Lake

Wahenga walisema kuwa macho hayana pazia. Lakini, msomaji, umepata kufikiri kuwa furaha yaweza kuwa pazia? Mtu aliyetekwa na ngoma huweza kupitwa na maiti asiione. Jambo hilo ndilo lililoshughulikiwa na Hiro Murai, mwongozaji wa vichekesho vya televisheni na filamu za nyimbo.

Murai alizaliwa Tokyo mwaka 1983, akahamia Los Angeles, Marekani, alipokuwa na umri wa miaka tisa. Mgeni hutazama sana kabla hajasema, na kazi za Murai ni kazi za mtazamaji. Mwaka 2013 aliongoza filamu ya wimbo uitwao 3005, wa Donald Glover, aliyeimba kwa jina la Childish Gambino. Mwimbaji ameketi juu ya bembea kubwa la gurudumu pamoja na dubu wa kuchezea. Kila kamera inapomrudia dubu yule, amechakaa zaidi. Hakuna anayetuambia, mwenye kuona na aone.

Mwaka 2016 ulianza mchezo wa kuchekesha uitwao Atlanta, uliobuniwa na Glover, ukaendelea hata 2022. Vipindi vingi viliongozwa na Murai. Katika kipindi cha Teddy Perkins, cha mwaka 2018, kijana Darius anakwenda kuchukua kinanda katika jumba la mtu mwenye uso mweupe kama kinyago. Twaanza kwa kucheka. Kisha kicheko chakwama kooni. Hatuwekewi kicheko cha bandia cha kutuongoza. Twaachwa na kimya, na katika kimya kile twaanza kumhurumia mtu tuliyekuwa tukimcheka.

Mwaka huohuo ilitoka filamu ya wimbo This Is America. Ngoma zake zilitungwa na Sherrie Silver, mzaliwa wa Rwanda. Mwimbaji anacheza katika ghala kubwa. Ghafla anampiga mtu risasi. Bastola inapokewa kwa adabu katika kitambaa chekundu, maiti inaburutwa. Watoto waliovaa sare za shule wanacheza, na nyuma yao watu wanakimbia ovyo. Kamera yafuata ngoma, nasi twafuata kamera. Hapo ndipo tunaposhtakiwa.

Filamu hiyo ilipata tuzo ya Grammy mwaka 2019, lakini tuzo haizuii swali. Ndani yake kwaya nzima inauawa ikiimba, na wengi walikumbuka mauaji ya kanisani Charleston ya mwaka 2015. Aliyefiwa aweza kuuliza: je, msiba wangu umekuwa pambo? Lawama hii si ndogo. Wanaokufa pale hawana majina, wala hawapewi nafasi ya kuliliwa. Najua kuwa haraka ile ni ya makusudi. Hata hivyo dakika nne zatosha kushtua, hazitoshi kuomboleza. Kwa hiyo naiweka Atlanta juu yake, kwa kuwa mle watu wamepewa muda wa kuwa watu.

Basi, msomaji, ukiitazama filamu ile mara ya pili, usimtazame mchezaji. Tazama nyuma yake. Kisha jiulize ni mara ngapi, nje ya filamu, umetazama mbele tu.