Kumkosoa Mchoraji wa Ridhaa

Katika kazi yangu ya kufundisha ushairi nimezoea kuletewa beti ili nizisome na kuzisahihisha. Miaka miwili iliyopita nilijiwa na haja ya namna nyingine. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alipiga hodi, akaniamkia kwa adabu, akaweka mezani mchoro wa rangi za maji. Ulikuwa mchoro wa Link, shujaa wa The Legend of Zelda, mchezo wa video ambao kampuni ya Nintendo ya Japani iliutoa kwa mara ya kwanza mwaka 1986. Kijana hakuchora kwa ujira, bali kwa kuupenda mchezo. Wenziwe ni wengi duniani, nasi twaweza kuwaita wachoraji wa ridhaa, kama tuwaitavyo wachezaji wa mpira wasiolipwa. Niliutupia mchoro jicho moja, nikasema, "Nzuri sana, endelea," nikarudi kwenye karatasi zangu za mitihani.

Baada ya miezi mitano alirudi na michoro sita. Kosa lililokuwa katika ule wa kwanza lilikuwamo katika yote sita, nalo lilikwisha kuota mizizi. Nilipomwonyesha hakukasirika. Alisema tu, "Lakini, Mwalimu, ulisema ni nzuri." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike insha hii.

Wako wasemao kuwa michoro ya namna hii haistahili uhakiki, maana ni uigaji wa kitu cha mwingine. Hoja hiyo haina nguvu kwa mtu aliyesoma ushairi wetu. Takhmisa ni nini, ikiwa si kuyachukua maneno ya mtunzi mwingine na kuyakamilisha yawe ubeti wa mishororo mitano? Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, ndiye ahesabiwaye kuzitia takhmisa beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo. Hatumwiti mwizi. Twamwuliza jambo moja tu: mishororo mitatu uliyoiongeza yafaa kukaa pamoja na miwili uliyoikuta? Mchoraji wa ridhaa naye astahili kuulizwa swali hilo hilo.

Wala isidhaniwe kuwa nafasi ya kuongeza ni ndogo. Shigeru Miyamoto alipombuni Mario kwa ajili ya mchezo wa Donkey Kong wa mwaka 1981, alikuwa na nukta chache mno za kumchorea, takriban 16 kwa 16. Alimvika kofia ili aepuke taabu ya kuchora nywele. Alimpa masharubu kwa kuwa mdomo usingeonekana. Na ile suruali yenye kanda za mabegani ilisaidia mikono ionekane inaposogea. Basi mtu amchoraye Mario kwenye karatasi kubwa hana budi kuamua mambo mengi ambayo nukta zile hazikuyasema: uzito wa mwili, mikunjo ya nguo, uchovu au furaha ya uso. Hapo ndipo kazi yake mwenyewe inapoanza, na hapo ndipo mhakiki apaswapo kutazama.

Narudi kwa mwanafunzi wangu. Mara ya pili niliutazama mchoro ule wa kwanza kama ilivyonipasa. Shujaa alisimama juu ya jabali, amevaa vazi la buluu la mchezo wa Breath of the Wild wa mwaka 2017, na upanga u katika mkono wa kushoto. Niliona makosa mawili. Nilianza na upanga, nikasema kwa hakika ya mwalimu kwamba katika mchezo ule Link hutumia mkono wa kulia. Kijana akanijibu kwa upole kuwa alijua. Katika michezo mingi ya zamani, Ocarina of Time ya mwaka 1998 mojawapo, Link alikuwa wa shoto. Mwaka 2006, katika toleo la Twilight Princess lililotengenezwa kwa mashine ya Wii, aligeuzwa akawa wa kulia, na ulimwengu wote wa mchezo ukageuzwa pamoja naye kama katika kioo, kwa kuwa wachezaji wengi hukishika kidhibiti kwa mkono wa kulia. Kijana alitaka mkono wa kale uonekane ndani ya vazi jipya. Lile nililoliita kosa lilikuwa ndilo wazo bora katika mchoro mzima.

Kosa la pili lilikuwa kosa kweli. Jua lilikuwa nyuma ya shujaa, na kivuli chake nacho kilianguka nyuma yake, kikilielekea jua. Hapakuwa na kusudi. Mkono ulikuwa haujajua. Nilimwambia aweke kikombe mezani usiku, azime taa, awashe mshumaa mmoja, akihamishe kikombe pande nne za mshumaa, na kila mara achore kivuli peke yake.

Katika mambo haya mawili naona kanuni yote ya kazi hii. Mhakiki aulize kwanza, ndipo ahukumu, maana chaguo na kosa huweza kufanana kwa sura. Akishajua kusudi la mchoraji, aipime kazi kwa kusudi hilo, si kwa lile ambalo yeye angelipenda. Akitaja kosa, ataje na njia ambayo mkono waweza kuifuata kesho asubuhi. Asitaje makosa kumi kwa siku moja. Mtu achoraye kwa mapenzi hana mshahara wa kumrudisha mezani akivunjika moyo. Tena, kama mchoraji ameonyesha kazi yake kwa furaha tu wala hakuomba kusahihishwa, mhakiki na afurahi pamoja naye, anyamaze.

Lakini akiombwa, asijifiche nyuma ya sifa. Lawama kali hujeruhi, na kila mtu huliona jeraha lake. Sifa tupu haina jeraha la kuonekana, kwa hiyo aitoaye huenda zake akijiona mwema. Mimi nilijiona hivyo kwa miezi mitano, na kijana akaichora michoro sita juu ya neno langu.

Mwezi uliofuata alileta mchoro wa nane. Kivuli kilianguka mahali pake, na upanga ulibaki katika mkono wa kushoto. Miguu bado haikuonekana kuubeba mwili sawasawa. Nilimwambia hivyo, akavuta kiti, tukaanza kuitazama miguu.