Mugabi yupi? Mwongozo wa kupima ubishi wa mabondia wasiokutana

Novemba 1978, majeshi yake yakiwa yamekwisha kuvuka mpaka na kukalia ardhi iliyo kaskazini ya Mto Kagera, Idi Amin alitoa pendekezo: vita viamuliwe ulingoni, yeye na Mwalimu Nyerere, mwamuzi awe Muhammad Ali. Ili Mwalimu asionewe, Amin angepigana mkono mmoja umefungwa mgongoni. Huyu alikuwa bingwa wa Uganda kuanzia 1951 hadi 1960, katika uzito unaofuata chini ya uzito wa juu. Mwalimu hakuwa bondia wa uzito wowote. Watu wa Kyaka walikuwa wakikimbia makwao, hivyo huku kwetu hapakuwa na wa kucheka. Lakini kama ubishi wa ndondi, pendekezo lile lina kasoro inayosikika vijiweni hadi leo: masharti yamepangwa na mtu ambaye amekwisha kujipa ushindi.

Kagera ni mahali pazuri pa ubishi wa aina hii. Ukiwa Bukoba mjini, Kampala iko karibu kuliko Dar es Salaam, na mabondia wa Uganda tunawahesabu karibu kama wetu. Kwa hiyo kwenye kahawa ya Bukoba au rubisi ya Kamachumu kule Muleba, John Mugabi wa Uganda anaweza kupangiwa Hassan Mwakinyo wetu bila mtu kushangaa. Anayejua ngumi humpima mbishani kwa mambo manne.

Ametaja mwaka?

Jina peke yake halipigani. Mugabi, aliyeleta fedha ya Olimpiki kutoka Moscow 1980, alimaliza kwa KO kila pambano lake la kulipwa hadi Machi 1986, alipokutana na Marvin Hagler Las Vegas na kusimamishwa raundi ya 11. Machi 1990 Terry Norris alimwangusha katika raundi ya kwanza tu. Ni mtu yuleyule, ila si bondia yuleyule. Mwakinyo naye: Septemba 2018 alimsimamisha Sam Eggington raundi ya pili huko Birmingham, nyumbani kwa Mwingereza, Septemba 2022 akasimamishwa na Liam Smith raundi ya nne huko Liverpool. Mbishani hafifu huchukua siku njema ya kipenzi chake na siku mbaya ya yule mwingine. Mwulize, "Waitu, Mugabi yupi?" Akisita, ujue bado hajaanza kubishana.

Kilo amezifanyia nini?

Mugabi na Mwakinyo ni rahisi, kwani wote wawili walipata sifa kwenye uzito wa karibu kilo 70. Ugumu uko kwa watu kama Michael Yombayomba, dhahabu ya Jumuiya ya Madola huko Kuala Lumpur 1998 katika kilo 54, na Titus Simba, fedha ya Edinburgh 1970 katika kilo 75. Kumpachika Yombayomba kilo 21 za kufikirika ni uchawi. Akinenepa hivyo, miguu yake haitabaki na wepesi uleule, wala hakuna ajuaye ngumi yake ingeongezeka kiasi gani. Swali linalojibika ni hili: nani aliwazidi zaidi watu wa uzito wake? Hapo fedha ya Simba inapanda thamani, maana aliyemshinda kwenye fainali ni John Conteh, ambaye 1974 alitwaa ubingwa wa dunia wa WBC. Ndivyo pia unavyopima mikanda. Rashid Matumla alikuwa bingwa wa WBU, lakini mbishani mzuri hasimami kwenye herufi tatu. Hutaja waliopigwa.

Kilo zenyewe zina ujanja. Zamani bondia alipima uzito siku ya pambano. Leo hupima siku moja kabla, akanywa, akala, akapanda ulingoni akiwa mzito kuliko mzani ulivyosema. Anayewapambanisha watu wa vizazi viwili aseme mzani ni wa lini.

Sheria ni za enzi gani?

Ayub Kalule, Mganda wa mkono wa kushoto, alitwaa ubingwa wa dunia Japani 1979 kwa pointi, raundi 15 kamili. Baada ya kifo cha Mkorea Duk Koo Kim, Novemba 1982, WBC ilishusha mapambano ya ubingwa hadi raundi 12, na wengine wakafuata. Kwa hiyo ukimleta Kalule leo umemnyang'anya raundi tatu alizofanyia mazoezi. Ukimrudisha Mwakinyo enzi hizo umemtwisha tatu asizowahi kuzizoea. Hata hali ya hewa huhesabika. Juni 1952 huko New York, Sugar Ray Robinson alikuwa akiongoza kwa pointi dhidi ya Joey Maxim, mtu mzito kuliko yeye. Joto la ulingoni likamshinda baada ya raundi ya 13, akabaki amekaa kwenye kona yake.

Ameona au amesimuliwa?

Mwenye kutazama filamu atakuambia mkono wa mbele ulikuwa wapi na miguu ilisimamaje. Aliyesimuliwa hurudia matokeo tu. Simulizi si dhambi, mradi mwenyewe aseme ni simulizi. Na mpime kwa uzalendo: Mtanzania asiyeweza kumpa Mganda hata raundi moja anashangilia, habishani.

Ukishapita hapo, toa hukumu, kwa sababu ubishi usio na hukumu ni maelezo tu. Yangu ni hii: kilo 70, raundi 12, mzani wa siku ya pambano. Mugabi wa mapema 1986 anamsimamisha Mwakinyo wa Birmingham kwenye raundi ya sita, maana Mwakinyo yule alishinda kwa kusonga mbele, na mbele ya Mugabi ndipo pa hatari. Sogeza mwaka wa Mugabi hadi 1990, nabadilisha upande bila aibu: Mwakinyo, kabla ya raundi ya nne. Mwenye kunipinga aseme ni sharti lipi analolibadilisha.