Akiba ya Fundi wa Antena

Televisheni ya zamani haikujua kuficha. Mawimbi yakipungua, kioo kilijaa chenga, sauti ikakwaruza, na hata mtoto alijua antena imegeuka. Mmoja alipanda juu ya bati, mwingine akasimama dirishani, wa tatu akakikodolea kioo macho, na amri zikapokezanwa: "Zungusha! Bado! Hapo hapo, usiguse!" Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, miji mingine ya Tanzania ikafuata, na mwaka 2015 ikawa zamu ya Kenya. Tangu hapo televisheni imekuwa na tabia ya mgonjwa jasiri: haisemi inaumwa mpaka ianguke.

Sababu yake si uchawi. Dijitali husafirisha picha kwa tarakimu. Zikifika na makosa machache, king'amuzi huyasahihisha chenyewe na mtazamaji hajui kitu. Makosa yakizidi uwezo wake, picha inakatika vipande vya mraba, inaganda, kisha giza. Kati ya picha safi na giza pana hatua moja fupi tu. Antena iliyobakiza nguvu tele na ile iliyo ukingoni zote zitakuonyesha taarifa ya habari ile ile, kwa rangi zile zile. Tofauti utaijua siku ya mvua kubwa, au siku mwembe wa jirani utakapochanua majani. Ndipo ulipohamia ufundi: kuacha akiba ambayo macho hayaioni.

Chukua kazi inayodharauliwa kuliko zote, ya kupeleka televisheni chumbani. Sebuleni picha ipo, na mama mwenye nyumba anataka kutazama habari amejilaza, watoto wabaki na tamthilia yao. Njia za mkato ziko mbili. Ya kwanza ni kuvuta waya kutoka nyuma ya king'amuzi cha sebuleni. Picha itafika, lakini itakuwa ile ile ya sebuleni, na mwenye rimoti kule ndiye atakayetawala vyumba vyote viwili. Ya pili ni antena ndogo ya kuweka juu ya kabati. Kwenye nyumba ya bati hiyo ina kazi ngumu, kwa kuwa bati hurudisha mawimbi yalikotoka na kinachoingia ni kile kilichopenya dirishani.

Fundi anayejiheshimu ataanzia juu. Atagawa waya wa antena kwa splita, na chumbani ataweka king'amuzi cha pekee, isipokuwa kama televisheni yenyewe inacho cha ndani. Lakini kabla ya kugawa atapiga hesabu. Splita ya njia mbili huipa kila njia chini kidogo ya nusu ya nguvu. Waya, hata ule mzuri, ukifika mita 20 nao umekula nusu nyingine. Kwa hiyo chumbani hufika kama robo ya kilichodakwa juu, na sebule iliyokuwa imetulia nayo imepunguziwa fungu lake. Asiyejua hesabu hii huunganisha, huona picha, hupokea hela na kuondoka. Wiki ya pili sebule na chumba vyote vinaganda.

Mtazame akifunga plagi ya waya. Anachuna gamba la nje kwa kisu bila kukwaruza nyuzi zilizosukwa chini yake. Nyuzi hizo anazikunjia nyuma moja moja. Anakata plastiki nyeupe ya ndani, unabaki mwiba wa shaba mmoja, mng'avu. Kisha anausogeza karibu na jicho na kuuzungusha polepole. Anatafuta unyuzi mmoja tu, mwembamba kuliko unywele, uliobaki ukigusa shaba. Ukigusa, umelisha mawimbi yote ardhini. Pale waya unapoingia ukutani anaulegeza ushuke kidogo kabla ya kupanda, ili maji ya mvua yadondokee nje yasifuate waya hadi ndani. Kwa nyumba za pwani, ambako chumvi hula shaba kimya kimya, kila kiungo cha nje anakizungushia utepe.

Busta nayo ina pake. Wengi huichomeka nyuma ya televisheni, na hapo inakuza mawimbi yaliyokwisha kuchoka pamoja na makelele yote yaliyookotwa njiani. Fundi huifunga juu, karibu na antena, mawimbi yakiwa bado mazima. Kuelekeza antena nako sasa kunataka subira. King'amuzi huchukua sekunde kadhaa kuamua, kwa hiyo kelele za "hapo hapo" zimepitwa na wakati. Anasogeza kidogo, anangoja, anasoma mistari miwili kwenye kioo, wa nguvu na wa ubora, na ukimlazimisha kuchagua atachagua ubora.

"Fundi, mbona picha ipo, bado unahangaika nini?"

"Ipo, mama. Ila haina akiba."

Antena yenyewe, lile bomba lenye vijiti vilivyopangwa kama miiba ya samaki, ilibuniwa Japani, katika chuo kikuu cha Tohoku, mwaka 1926. Sehemu kubwa ya majaribio aliifanya Shintaro Uda. Mwenzake Hidetsugu Yagi ndiye aliyeieleza kwa Kiingereza miaka miwili baadaye, na dunia ikaizoea kwa jina la Yagi. Aliyeinama mezani akipima urefu wa kila kijiti jina lake likabaki nyuma.

Basi mafundi wetu wamerithi chombo pamoja na fungu la Uda. Kazi yao ikiwa mbaya, mtaa mzima utasikia. Ikiwa nzuri, hakuna kitakachotokea, na kisichotokea hakina wa kukisifia. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini walioiweka huwa hawatajwi. Fundi akimaliza chumbani na kudai hela ya ufundi mbali na ya vifaa, usimwambie kwamba picha ilikuwepo tangu saa nzima iliyopita. Hiyo saa ndiyo uliyoinunua. Mlipe.