Nani ataigiza Lumumba? Tuchague kwa kinywa, hapana kwa ndevu



Kuko muchezo mumoja ambao sisi watu wa masomo tunaupenda sana: kugawa nafasi katika filme ambayo hakuna mutu ameiwekea hata franga moja. Swali ni lile lile kila mara. Kama kesho wanatengeneza tena filme ya Lumumba, nani amuigize? Mumoja atasema Idris Elba, juu mwaka 2013 aliigiza Mandela na hakuanguka. Mwingine atakataa: Elba amepita miaka, tena ana kifua cha boksa, na Lumumba alikuwa mwembamba, heri Daniel Kaluuya. Wa tatu ataleta binamu yake, juu eti akivaa miwani na kuacha ndevu kidogo, ni Patrice mutupu. Tunacheka, tunabishana, umeme unakatika, tunaenda kulala.

Muchezo ni muzuri, na mimi ni mumoja wa wale wanaouanzisha. Lakini ninaona kama tunauchezea upande wa nyuma. Tunachagua kwa macho: urefu, ndevu, miwani, ule musitari wa nywele. Mimi ninasema mutu wa kuigiza watu wa kwetu achaguliwe kwanza kwa kinywa. Sura, kuna mafundi wa kuipaka na kuipunguza. Kinywa hakina poda.

Mutanivumilia, mimi ni mutu wa agronomia. Kwetu, kuchagua mbegu kuna mutego wake. Kuna aina ya maharagi ambayo katika shamba la majaribio inapendeza: majani ya kijani, maua mengi, kila mugeni anaipiga picha. Unaipeleka kwa mama mukulima. Anaipika mara moja, anakurudishia jibu: "Inamaliza makala, na watoto hawakuipenda." Msimu unaofuata unakuta amerudia mbegu yake ya zamani. Ile ya picha ilifaulu mutihani ambao si wake. Filme zetu za historia nyingi zinachagua waigizaji namna ile, kwa majani.

Tuangalie kazi iliyokwisha kufanywa. Filme kubwa tuliyo nayo ni Lumumba ya Raoul Peck, ya mwaka 2000. Peck ni mutu wa Haiti, lakini alikuja Léopoldville akiwa mutoto, juu baba yake, ambaye alikuwa agronome, alipata kazi huku (wenzangu wa fakilte, mutembee kichwa juu). Haikupigwa huku, walienda kuipiga Zimbabwe na Msumbiji, wakati vita ilikuwa inaunguza inchi yetu. Lumumba ni Éric Ebouaney, Mufaransa mwenye mizizi ya Kameruni. Mobutu ni Alex Descas, Mufaransa. Kasa-Vubu ni Maka Kotto, mwenye kuzaliwa Kameruni.

Ebouaney ni muzuri, sitaki mutu anielewe vibaya. Ana hasira inayotembea chini ya ngozi, na macho yake yanaonyesha mutu anayejua kama saa zake zimehesabiwa. Kama kazi ingekuwa macho tu, ningefunga mujadala hapa. Lakini sehemu kubwa ya maneno ya filme ile ni Kifaransa. Na Lumumba hakupanda kwa sababu ya macho yake. Alikuwa karani wa posta Stanleyville, Kisangani ya leo. Kisha akauza bia ya Polar Léopoldville, akizunguka baa kwa baa. Alijua Kitetela cha nyumbani, Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kifaransa. Mutu wa Stanleyville alimusikia kama mutu wa Stanleyville, na mutu wa Léopoldville alimusikia kama wa kwake. Ile njo ilikuwa silaha yake. Ukimuondolea zile luga, umebaki na kijana mwembamba mwenye miwani, na wale tulikuwa nao wengi.

Kila mwigizaji anayeota nafasi hii anajipima na hotuba ya 30 Juni 1960, mbele ya mufalme Baudouin. Kwangu ule ni mutihani mwepesi. Ni Kifaransa, maneno yameandikwa, sauti yenyewe imehifadhiwa. Unaweza kuisikiliza mara mia na kuifuata kama wimbo. Mutihani wenyewe uko mbele kidogo, katika siku za mwisho za Novemba mwaka ule ule.

Tarehe 27 Novemba usiku, Lumumba anatoroka nyumba alimofungiwa Léopoldville, anaelekea Stanleyville. Askari wa Mobutu wako nyuma yake. Mutu mwenye akili ya kawaida angekimbia bila kugeuka. Lakini njiani watu wanamutambua, wanataka awaambie neno, na yeye anasimama. Anapita Port-Francqui, anapita Mweka, anasema na watu, na saa zinapotea. Wanamukamata Lodi, ku mutoni Sankuru, usiku wa tarehe 1 Desemba. Tarehe 17 Januari 1961 wanamuua Katanga. Alikuwa na miaka 35.

Sasa niambie, mwigizaji gani atanifanya niamini kama mutu anayewindwa anasimamisha gari ili aseme? Na niamini tena kama watu wenye njaa na woga wanamuzuia asiende, juu wanataka tu kusikia sauti yake? Kama yule mwigizaji anasoma maneno aliyofundishwa silabi kwa silabi, utamuona Lumumba kama mupumbavu aliyechezea maisha yake. Kama maneno yanamutoka kama maji, ukiwa umekaa mbele ya ekrani utaanza kumuomba akimbie, na wakati ule ule utataka aendelee kusema. Filme nzima inasimama au inaanguka pale.

Najua neno mutakalonitupia: "Kwa hiyo unataka Mukongomani mutupu?" Hapana. Damu haisemi luga. Forest Whitaker ni Mumarekani, lakini kwa kuigiza Idi Amin katika The Last King of Scotland (2006) alijifunza Kiswahili, akafanya kazi ngumu juu ya lafudhi, akalala na kuamka na ule mudomo wa mutu mwingine. Akapata Oscar, na hakuna aliyemuuliza kitambulisho. Mugeni anaweza, lakini alipe bei. Kinachoniuma ni kama kwetu ile bei mara nyingi hawaiombi. Katika The Siege of Jadotville (2016) Tshombe ni Danny Sapani, Mwingereza, na filme ilipigwa Afrika ya Kusini. Katika Ali (2001) Mobutu ni Malick Bowens wa Mali, na Maputo inajifanya Kinshasa. Daktari wetu Mukwege, katika Muganga ya 2025, ni Isaach de Bankolé wa Côte d'Ivoire. Mumoja mumoja ni wafundi. Lakini ukiwapanga kwa mustari, unaona kama Kongo ni nafasi ambayo kila mutu anaweza kuigiza isipokuwa mwenyewe.

Na wasituambie kama luga zetu zinafunga milango. Rebelle ilipeleka Rachel Mwanza, binti aliyekuwa ameishi ku barabara za Kinshasa, mpaka Berlin mwaka 2012, akarudi na zawadi ya mwigizaji bora mwanamuke. Mule kuna Lingala. Félicité ya Alain Gomis, na Véro Tshanda Beya akisema Lingala ya Kinshasa, ilipata zawadi kubwa ya jury pale pale Berlin mwaka 2017. Wazungu walisoma maneno chini ya picha, na hakuna aliyekufa.

Sasa nicheze na mimi. Ni ndoto, kwa hiyo wafu na wazee wanaruhusiwa kurudi ujana.

Tshombe: Marc Zinga. Wengi watashangaa, juu Zinga tayari aliigiza Lumumba ku jukwaa mwaka 2013, katika Une saison au Congo ya Aimé Césaire, kule Villeurbanne, Ufaransa. Njo maana ninamutaka upande wa pili. Amezaliwa Likasi, ile Jadotville yenyewe, mwaka 1984. Ameshajua kutoka ndani namna Lumumba anavyofikiri. Amuangalie sasa kama adui. Tshombe mubaya wa kuchekesha tumemuona. Ninataka Tshombe mwenye akili, anayependeza, ambaye ukimusikiliza dakika tano unaanza kutikisa kichwa kukubali, kisha unaona haya.

Mobutu: Patsha Bay, yule wa Viva Riva! (2010). Mobutu wa mwaka 1960 hakuwa na kofia ya chui. Alikuwa kijana wa miaka 29, muandishi wa gazeti, rafiki wa nyumba. Riva ana tabasamu ambayo unaiamini wakati anakuuza. Ile tabasamu njo Mobutu kabla ya Mobutu.

Pauline Opango: Véro Tshanda Beya. Februari 1961 Pauline alitembea Léopoldville kifua wazi, katika kilio, akidai maiti ya bwana yake. Hawakumupa. Pale hapatakiwi mwanamuke wa kulia vizuri mbele ya kamera. Katika Félicité, Véro anazunguka mji akidai pesa za kupasulia mutoto wake, na uso wake hauombi huruma kwa mutu. Huyo.

Na Lumumba? Papa Wemba.

Mucheke kwanza, kisha mufikiri. Ninasema Papa Wemba wa mwaka 1987, yule wa La vie est belle, mwembamba, anayeingia Kinshasa na ndoto kubwa kuliko mufuko wake. Amezaliwa Lubefu, Sankuru, mwana wa Kitetela kama Patrice wa Onalua. Mama yake alikuwa mwimbaji wa vilio, na mutoto alikuwa anamufuata ku matanga. Huyu alijifunza sauti mahali ambapo sauti ina kazi: kufanya watu waliokuja kwa miguu wasimame na wasikie. Mupe ile njia ya Mweka, gari limezungukwa, askari wako nyuma. Kiswahili cha Stanleyville angepashwa kujifunza, kama Whitaker. Lakini ningeamini kama watu wamekataa aende.

Papa Wemba alikufa mwaka 2016, akianguka ku jukwaa Abidjan. Kwa hiyo siku filme itakuja kweli, kastingi isianzie Paris wala London. Ianzie Lodja, ipite Kisangani, imalizike Kinshasa. Kijana apandishwe juu ya meza katikati ya soko, bila mikro, aseme na wauza samaki kwa Kiswahili, na wapita njia kwa Lingala, na muzee mumoja wa kwao kwa Kitetela. Kama soko linaendelea na kazi yake, asante, anayefuata. Kama mama mumoja ameacha kupima unga, muandike jina lake.

Kwa nini ninaipa uzito hivi? Ku CAN ya Maroc tulimuona yule supporter wa Léopards aliyesimama kama sanamu ya Lumumba, mukono juu, bila kutikisika mechi nzima. Dunia yote ilimupiga picha, na mimi nilijisikia fahari. Lakini sanamu tuko nayo tayari. Sauti njo hatuna.

Koko wangu mwanamuke, mwaka 1960 alikuwa tayari na mutoto mugongoni. Tulipomuonyesha filme ya Peck, aliitazama mpaka mwisho, na kila wakati Lumumba anafungua kinywa, koko anatugeukia: "Anasema nini?" Sisi wajukuu, waliozaliwa miaka karibu 40 nyuma, tulikuwa tunamutafsiria wakati wake mwenyewe. Wa umri wake wanapunguka kila mwaka. Ningependa waone filme moja ambayo ndani yake wao njo watatutafsiria.

Haya, sasa ni zamu yenu. Munipe majina. Lakini mukisha kusema "anafanana naye", muongeze neno moja: anasema luga ngapi, na nani ataacha kazi yake ili amusikilize?