Dungu Lililojengewa Upepo Mwingine

Usiku wa Jumamosi, katika shamba la mahindi lililo bondeni mwa mto Brazos, jimboni Texas, mwendo wa saa mbili na kitu kwa gari kutoka Houston, tuliwahesabu nguruwe-mwitu 13 katika kioo cha darubini ya joto, na kabla usiku haujaisha wawili walikuwa wamelala chini na 11 wametokomea korongoni. Sahibu yangu aliyenialika, ambaye ndiye mwenye bunduki na mwenye haki ya kuwinda pale, aliihesabu safari hiyo kuwa ya baraka. Mwenye kulima shamba lile, tulipokutana naye asubuhi ya Jumapili, hakuihesabu hivyo. Nakusudia kueleza jinsi kazi ilivyofanywa, kwa sababu humo katika namna ya kuifanya ndimo ilimo khitilafu ya watu hao wawili, wala si katika tabia zao, kwani wote ni waungwana.

Yafaa kwanza kuieleza ijara yenyewe. Katika jimbo lile sehemu kubwa mno ya ardhi, zaidi ya tisa katika kumi, ni milki ya watu binafsi, hata mtu wa mjini apendaye usasi hana budi kukodi haki ya kuwinda kwa mwenye ardhi, aghalabu kwa mwaka mzima na kwa hesabu ya ekari, akishirikiana na wenzake ili mzigo wa malipo uwe mwepesi. Hutiwa sahihi karatasi ya kumwondolea mwenye ardhi dhima ya mtu akiumia, huwekwa masharti juu ya wageni na magari na malango, na penye lango kuu huwapo ubao ambapo kila mshirika hutundika kibao chenye nambari yake kwenye alama ya dungu analokwenda, ili mwenziwe asije akaelekeza mtutu upande huo. Lakini ardhi ile ile iliyokodishwa kwa wasasi yaweza pia kuwa imekodishwa kwa mkulima, ambaye yeye hakununua wanyama bali udongo. Basi zikawa ijara mbili juu ya ekari moja, huyu amelipa ili avune mahindi, na yule amelipa ili akute nguruwe.

Kuhusu sheria sina haja ya kurefusha. Nguruwe-mwitu hana msimu wala hana idadi; aweza kuwindwa mchana na usiku, na tangu tarehe 1 Septemba 2019 hata leseni haitakiwi kwa mtu awindaye katika ardhi ya binafsi kwa idhini ya mwenyewe. Mwaka 2011 iliruhusiwa kuuza nafasi za kumpiga kutoka katika helikopta, na mwaka 2017 kutoka katika puto la hewa moto, jambo ambalo sijapata kumwona mtu akilifanya, na nadhani nguruwe naye hajapata. Ulegevu huu una sababu yake. Nguruwe si mnyama wa asili ya bara lile: Wahispania wa Hernando de Soto walishuka Florida na nguruwe wao mwaka 1539, walowezi waliofuata wakawaachia nguruwe wao wajitafutie riziki msituni, kisha katika miaka ya 1930 wenye mashamba wengine wakaleta nguruwe-mwitu wa Ulaya kwa ajili ya mchezo wa kuwinda, na damu hizo zikachanganyika. Leo hukisiwa kuwa Texas peke yake ina zaidi ya milioni mbili. Jike hubeba mimba miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, kama wahesabuvyo wafugaji, na huanza kuzaa kabla hajafunga miaka miwili. Mnyama wa namna hiyo hamalizwi kwa hasira.

Tuliwasili Ijumaa alasiri, nasi hatukugusa bunduki mpaka jua lilipokaribia kuchwa, kwa kuwa saa zile ni za kusoma ardhi. Unyayo wa nguruwe unafanana na wa kulungu kwa mtazamaji mwenye haraka, ila ncha zake ni butu, umbo lake ni la mviringo zaidi, na zile kwato mbili ndogo za nyuma, zinapoonekana katika tope, hutokeza nje ya upana wa unyayo. Chini ya uzio wa seng'enge tulikuta unywele mgumu umenasa katika waya wa chini. Penye kidimbwi tukakuta tope lililogalagaliwa, kwa maana nguruwe hana jasho la kumpoza naye hujipoza kwa matope. Na miti iliyo jirani ilikuwa imepakwa tope hilo kwa kujisugua, ambapo kimo cha tope ndicho kimo cha ubavu wa mnyama. Alama ya juu kabisa ilifika pajani pangu. Ndani ya shamba palikuwa na bayana kubwa kuliko zote: mahindi yalikuwa yamepandwa wiki ile, kwani bonde lile hupanda mapema, na kutoka ukingo wa kusini, mstari kwa mstari, udongo ulikuwa umefukuliwa kwa vishimo vilivyopangana kama vya mtu aliyetumia kamba, kimoja kwa kila punje. Mashine imepanda, na pua imefuata nyuma yake ikivuna mbegu. Vishimo vya mwisho vilikuwa bado vibichi.

Pamoja na ushahidi huo wote, usiku wa Ijumaa tulikwenda kukaa kwenye dungu. Neno hili nalitumia kwa makusudi, maana kile kibanda cha mbao juu ya miguu minne hakina tofauti kubwa na dungu ambalo wazee wetu wa pwani walilijenga shambani kulinda muhogo na mpunga, isipokuwa kwamba la kwetu lilimsubiri nguruwe kwa kelele na makopo ili aende zake, na hili humsubiri kwa kimya na mahindi ili aje. Mahindi hayo hutoka katika pipa la miguu mitatu, ambalo chini yake pana kisahani kinachozungushwa kwa betri na saa, kikirusha punje kwa sekunde chache alfajiri na jioni. Tulikaa tangu saa kumi na mbili za jioni hadi saa tano za usiku. Hapakuja hata mmoja. Asubuhi, kamera iliyofungwa kwenye mti ikatuonyesha kwamba saa saba kasorobo kundi zima lilikuwa chini ya pipa, likila kwa raha.

Taksiri haikuwa ya mahindi wala ya mwezi, ilikuwa ya dungu. Lile lilijengwa kwa ajili ya kulungu, ambaye msimu wake huanza Novemba na kumalizikia Januari, wakati ambapo baridi hushuka na upepo wa kaskazini. Kwa hiyo fundi aliliweka kusini mwa pipa, ili harufu ya binadamu ichukuliwe mbali na wanyama, naye alifanya vema. Sisi tulikwenda Machi, na Machi upepo mwingi huvuma kutoka kusini-mashariki, upande wa Ghuba ya Meksiko. Tulikaa saa tano tukiwapelekea nguruwe salamu za sabuni zetu na kahawa yetu. Macho ya nguruwe ni dhaifu, masikio yake ni mazuri, ama pua yake haina mfano. Mtu anayejificha asionekane na nguruwe huku upepo u mgongoni mwake amefunga dirisha akaacha mlango wazi. Mtoto wa pwani aliyelelewa kwa majina ya pepo, kusi na kaskazi na matlai, hana udhuru wa kosa hilo, nami nalikiri kuwa langu pia, kwa maana niliuhisi upepo shingoni nikanyamaza kwa adabu ya ugeni.

Jumamosi, basi, mpango ulipinduliwa. Tuliliacha dungu, tukaliacha na pipa, tukachagua kona ya kaskazini-magharibi ya shamba, chini ya mpekani mkubwa, ambapo upepo ungetujia kutoka kwao. Nguruwe walikuwa wakiingia kutoka korongoni upande wa kusini na kufuata mistari kuelekea kaskazini, yaani kutuelekea sisi. Fauka ya hayo, mtu apigaye kutoka kona ile huelekeza risasi kwenye ukingo mrefu wa udongo wa korongo, ambao huimeza ikikosa, ilhali nyumba na barabara zimo nyuma ya mgongo wake. Mchana tulitembea tukahesabu hatua: 80 hadi kigingi cheupe, 120 hadi bomba la maji. Hili laonekana dogo, lakini darubini ya joto, ambayo huonyesha kila chenye uvuguvugu kama taa gizani, haionyeshi umbali, wala waya wa uzio, wala haikuambii mara moja kama kilicho mbele yako ni nguruwe au ndama aliyepenya kutoka malishoni. Asiyepima mchana hukisia usiku.

Walitoka saa tatu na robo. Jike mmoja mkubwa alitangulia, akasimama, akainua pua, akaridhika. Nyuma yake majike wawili na watoto wa vimo mbalimbali, na kando kabisa, peke yake, dume. Kazi yangu ilikuwa kushika darubini ya mkononi na kunong'ona hesabu. Bunduki, ya kipimo cha .308, ilikuwa kwa sahibu yangu, imelazwa juu ya mkongojo wa miguu mitatu. Alingoja dakika nne nzima hadi yule jike kiongozi alipofika karibu na kigingi na kugeuka ubavu. Wasasi wa huko husema kwamba kiongozi akianguka kwanza, wengine huduwaa kidogo kwa kutojua pa kukimbilia. Ilikuwa kweli kwa muda wa pumzi mbili.

Mahali pa kulenga pastahili maneno zaidi, kwa sababu ndipo wageni wa mchezo huu wanapoharibu. Aliyezoea kulungu hupiga nyuma ya bega, katikati ya kimo. Lakini moyo wa nguruwe umekaa chini na mbele zaidi, karibu baina ya miguu ya mbele, na nundu ya mgongo na manyoya yake hulifanya jicho lidhani kwamba katikati ya mwili iko juu kuliko ilivyo. Dume naye ana ngao, yaani ganda la gegedu chini ya ngozi ya mabega, linaloongezeka unene kadiri anavyozeeka katika vita vya madume. Jike alipigwa chini ya sikio akaanguka alipo. Risasi ya pili, iliyomfuata dume akiwa ameanza kukimbia, ilimpata begani, naye akaenda.

Tukangoja nusu saa kwa saa ya mkononi, jambo gumu kuliko kupiga. Kisha tukafuata. Damu ilikuwa matone matatu tu, kwa kuwa mafuta na tope huliziba tundu, na mtu atarajiaye njia nyekundu hurudi nyumbani akidai amekosa; tulichofuata ni majani yaliyolala na udongo uliopinduliwa na kwato, mpaka hatua 90 ndani ya kichaka, ambapo darubini ilionyesha joto lisilotikisika. Mizoga ilipasuliwa kwa glavu, kwa hofu ya homa ya bruselosi, nyama ikatiwa barafuni mara moja. Mimi siili, nyumba ya sahibu yangu huila, ikiisha kupikwa hata kiini chake kikafika nyuzi 71.

Asubuhi ndipo mkulima alipotujia, mzee mpole, akashukuru kwa wale wawili, kisha akatupeleka nyuma ya kisitu cha mialoni kutuonyesha ambalo hatukuwa tumeliona: boma la mviringo la vyuma, lenye mlango wa kushuka na kamera inayompelekea picha katika simu. Kwa siku 12 alikuwa amelimwagia mahindi huku mlango ukiwa wazi, bila kumshika yeyote, ili kundi lizoee hadi mdogo na mwoga wa mwisho aingie, ndipo autupe mlango mara moja na kuwapata wote. Usiku wa Alhamisi walikwisha kuingia 11. Alikuwa akiwangoja wawili.

Hapo hesabu ya safari yetu ikabadilika mbele ya macho yangu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Texas A&M hukadiria kwamba yapata theluthi mbili ya nguruwe wa mahali sharti waondolewe kila mwaka ili idadi isimame tu, isiongezeke; bunduki huondoa mmoja au wawili na kuwafundisha waliobaki, boma huondoa kundi na halimfundishi yeyote, maadamu hakubaki wa kufundishika. Wasasi wa Unguja, ambao huenda na mbwa na mikuki kwa mnyama ambaye aghalabu hawamli, wamefungamana na wakulima kwa kuwa aghalabu ni watu wale wale. Huko Texas kazi moja imegawanywa katika mikataba miwili, na kila mkataba unatekelezwa kwa uaminifu.

Mzee aliomba kwa insafu: wiki mbili bila mlio wa bunduki upande ule. Sahibu yangu akaahidi papo hapo, kwa nafsi yake. Tulipofika langoni akasimama mbele ya ubao, akaandika ombi la mzee kwa chaki, akalisoma tena, kisha akarudisha kibao chake penye msumari wake, pembeni mwa vibao vya wenzake saba, ambao wawili kati yao walikuwa wanakuja Ijumaa.