Ngano ya Camelot

John F. Kennedy, Rais wa Marekani, aliuawa Dallas tarehe 22 Novemba 1963. Juma moja baadaye mjane wake, Jacqueline, alimwita mwandishi Theodore H. White, akamweleza jinsi marehemu alivyopenda nyimbo za mchezo uitwao Camelot, wa Mfalme Arthur na mashujaa wake. Makala ya White yalitoka katika gazeti la Life, na utawala usiotimia miaka mitatu ukavikwa joho la ngano.

Sifa ya makala hayo ni huruma. Kasoro yake ni kwamba ngano haiulizwi hesabu, ilhali mtawala huulizwa. Katika Camelot hapana nafasi ya uvamizi wa Kuba ulioshindwa mwaka 1961, wala ya washauri wa kijeshi walioongezwa Vietnam. Hata ndugu zake, Robert mwaka 1968 na Edward mwaka 1980, walipoutaka urais, wengi waliwatazama kama warithi wa kiti.

Mwaka 1978 White mwenyewe aliandika kuwa Camelot hiyo haikuwako kamwe. Ngano haikufutika. Si kosa kuupenda uzuri wa jamaa. Kosa ni kuufanya shahidi wa matendo yao.